Spika Ndani ya Chungu cha Makande

Mjukuu wangu Paskali,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Dar, na kile kifua kimepona? Sisi hapa Karatu tu wazima, mahindi yametoa mbelewele, na babu yako anakusalimu.

Umeniuliza kama ununue sabufa kubwa ya muziki na filamu. Nikuambie ya kwetu, miaka ile ya themanini.

Babu yako alitumbukiza spika ya redio kwenye chungu changu cha makande ili besi ijae. Kwaya ikipigwa dirisha linatetemeka, na majirani wakamsifu sana. Pasaka moja parokia ikatuazima video na jenereta, tukaonyesha nyumbani filamu ya Yusufu na ndugu zake, ya Kiswahili, sauti ikitokea kwenye spika ile ile ya chunguni. Mama mkwe wangu alikuwa haoni tena. Alitaka kumsikia Yusufu akiwasamehe.

"Hawa watu wanaongea na makande mdomoni," akasema.

"Mama, hiyo ndiyo besi," babu yako akamjibu.

"Basi besi yako imenimezea Yusufu."

Watu wakacheka. Babu yako akaitoa spika chunguni, akaiweka kwenye kigoda karibu na sikio la mama. Mdundo ukapungua, vijana wakanung'unika. Lakini Yusufu alipojitambulisha kwa ndugu zake, mama alinishika mkono, hakuuachia mpaka neno la mwisho.

Nunua, sikukatazi. Ila pale dukani waambie wakuwekee na filamu, ufumbe macho, usikilize watu wakiongea. Unijibu upesi, uniambie kama maneno yalisikika.

Bibi yako