Nyumba Mbele, Pikipiki Nyuma

Jumatatu, 13 Januari 2025. Garissa.

Nimefika. Saa kumi alasiri na jua bado linachoma, mgongo hauinuki. Nimeegesha lori kwenye kiwanja kitupu karibu na mto. Mwenye kiwanja ameuliza ninauza nini. Siuzi, nikamwambia, hii ni nyumba. Akachungulia kitanda, jiko la gesi, mapazia ya bluu. Halafu akazunguka nyuma akaona pikipiki imening'inia. "Na bikibiki ya nini?"

Nikamweleza. Nyumba haiendi sokoni. Ukishaegesha, ukaweka mawe chini ya magurudumu na sufuria ukazipanga, huwezi kung'oa kila kitu kwa ajili ya nyanya tatu. Unashusha pikipiki, unakwenda, unarudi. Ametikisa kichwa kwa adabu. Ameniona mwehu, najua.

Kuishusha ni kazi ya watu wawili. Nimeifanya peke yangu. Ubao umeteleza, pikipiki ikanilalia mguuni. Nimebaki chini yake kama dakika nzima nikicheka — kisha nikaacha, maana kucheka peke yako hakudumu.

Wahu amekataa kuja. Niandike alivyosema, nisije nikajidanganya baadaye. "Miaka thelathini na moja umeishi huko na visima vyako, mimi niko hapa Nkubu na watoto. Sasa umestaafu unaniletea lori. Nani alikuambia nataka lori?" Nililijenga miezi minane, uani, mbele ya macho yake, na hakusema neno. Nikadhani kunyamaza ni kukubali.

Nimempigia jioni. Nimerudia ahadi niliyotoa nikiondoka: sivuki Garissa. Anaiogopa njia ya kaskazini, na simlaumu.

Jumatano, 15 Januari. Modogashe.

Nimevuka.

Jana nilikwenda ofisini, idara ya maji. Mlinzi langoni amenipa daftari la wageni. Jina, kitambulisho, sababu ya kuja. Nimeandika: kusalimia. Kusalimia nani, akauliza. Nikataja majina sita. Wanne wamehamishwa, mmoja amestaafu, mmoja amefariki. Chumba nilichokaa miaka kumi na tisa sasa wanaweka mabomba chakavu. Nimesimama pale mlangoni nikajiona nami ni bomba.

Nje ya ofisi aliyebaki ni Abdille tu, mwendesha mashine wa kisima cha Bute, mbali huko kaskazini ya Wajir. Basi nikafunga mikanda, nikawasha lori alfajiri.

Wahu akiuliza nitasema niko Garissa. Kwanza Garissa ni kaunti, na kaunti ni kubwa!

Barabara imejikunja kama bati. Kila saa nasimama nikaze mikanda ya pikipiki. Kilo mia na ishirini zikining'inia nyuma si kilo mia na ishirini — shika ndoo ya maji mkono umeunyoosha, utaelewa. Mbele kumekuwa kwepesi, usukani unaelea. Ilibidi niongeze spring nyuma kabla ya kutoka nyumbani. Nilijua. Fundi mzima! Nitaongeza nikirudi.

Ijumaa, 17 Januari. Wajir.

Wahu amepiga. Uko wapi? Garissa. Unakula? Nakula. Kuna joto? Kuna joto.

Hapo angalau sikudanganya.

Jumapili, 19 Januari. Bute.

Kilomita tisa kabla ya Bute, kishindo. Nikadhani tairi. Nimeingia chini: spring ya nyuma kulia, ule ubapa mkuu, umekatika vipande viwili. Kisa na maana ni pikipiki. Nimeibeba inisaidie, imenivunja mgongo.

Lakini ni hiyo hiyo iliyoniokoa. Nimeishusha — mara hii bila kuniangukia — nikaenda Bute nikiliacha lori peke yake kwenye vichaka. Nimemkuta Abdille palepale kisimani, ndevu nyeupe, kofia ileile. Ametazama, akatazama. "Wallahi, Murithi! Mimi nasikia wewe nakufa." Tumekumbatiana hadi jenereta ikazimika na wala hakugeuka kuitazama. Nimelia kidogo. Vumbi, nimemwambia.

Tumerudi wawili juu ya pikipiki, na jeki, na gogo, na kamba. Ni mara ya kwanza tangu Nkubu mtu kukaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimesahau uzito wa mtu mgongoni unavyotuliza pikipiki. Lori limeingia Bute saa kumi na mbili likichechemea, watoto nyuma.

Jumatatu, 20 Januari. Bute.

Weris amekuja kuona. Ni mama yake Abdille, amevuka themanini, na miguu yake bado mizuri kuliko yangu. Hajui Kiswahili, Abdille ametafsiri.

Amezunguka lori mara mbili. Amevuta mikanda, amegonga bati, amepanda ndani akakaa kitandani. Kisha swali: mwenye nyumba yuko wapi?

Ni mimi, nikasema.

Amecheka hadi akashika mbavu. Abdille naye. "Mama nasema habana. Kwetu nyumba ni ya mama. Mama nakata fito, mama nashona mkeka, mama nafunga juu ya ngamia, kila fundo yeye najua. Mwanaume nashika kamba ya ngamia, basi. Mke hakuna, nyumba hakuna."

Hili nalijua. Miaka yote nimeona wakihama, wanawake wakifungua na kufunga nyumba nzima kwa asubuhi moja. Nilikuwa napita na gari la serikali nikipunga mkono.

Nikaeleza kwamba nimemjengea mke wangu. Hapo Weris hakucheka tena. Ameuliza mambo madogo madogo. Kitanda nani amechagua kikae upande huu? Mimi. Jiko? Mimi. Mapazia haya? Mimi, lakini bluu anaipenda — nadhani. Akashika ncha ya pazia, akasema kitu kifupi. Abdille hakutaka kutafsiri. Nimemlazimisha.

"Mama nasema, hii umejenga yako. Sasa kwa nini wewe nakasirika yeye akikataa kulala kwa nyumba ya mtu?"

Nimekasirika kweli. Mzee wa watu hajui gharama ya miezi minane, hajui nilivyokata vidole. Nimelala mapema.

Jumatano, 22 Januari. Bute.

Spring hiyo hapa haipo. Fundi ameagiza Wajir; itakuja na lori la bidhaa — Jumatatu, au Jumanne, inshallah. Ameangalia chuma nilichochomelea nyuma akauliza nani aliyefanya hivi. Nimesema fundi mmoja wa kwetu Meru.

Kutwa nazunguka na pikipiki. Kisimani, sokoni kwa mbuzi, kisimani tena. Abdille ana kazi na ana watu. Jioni nasikia kwake wanavyoongea wote kwa pamoja, wajukuu, wakwe, redio. Wananiita nile. Nimekwenda mara mbili. Mara ya tatu nimesema nimeshiba, nikarudi kwenye lori nikakoroga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja haukorogeki vizuri. Unga ukiwa kidogo hivyo, mwiko hauna cha kushika.

Ndani kuna kila kitu. Taa, feni, maji lita mia mbili. Nilipanga kila kitu isipokuwa mtu.

Alichosema yule mama sijaacha kukifikiria.

Ijumaa, 24 Januari. Bute.

Wahu amepiga saa tano. Network ya Bute haishiki vizuri ila juu ya kifusi kando ya kisima, nikapanda mbio.

Anakuja!

Kesho anateremka hadi Thika, Jumapili anapanda basi huko, alasiri yuko Garissa. "Nataka nione hilo lori limekaa wapi. Usiku mmoja. Nikiona halinifai narudi na basi la asubuhi, na tusilizungumze tena. Lori wala hayo mengine."

Hayo mengine. Sikuuliza ni yapi. Najua ni yapi. Tangu nistaafu tunaishi nyumba moja kama wapangaji wawili wenye heshima.

Hapo ndipo ningesema. Wahu, siko Garissa, nilivuka. Sekunde tatu tu. Nikasema, "Sawa. Karibu sana." Mwoga! Miaka sitini na moja na bado mwoga.

Kutoka hapa hadi Garissa ni zaidi ya kilomita mia tano. Lori liko juu ya magogo.

Jumamosi, 25 Januari. Wajir.

Nimekuja na pikipiki. Nyumba nimeiacha.

Abdille alisema ningoje spring. Nikamwambia nimengoja vya kutosha, tena nimengojesha. Nimefunga jerikeni la petroli, maji, pampu, vipande vya kuziba panchari, blanketi. Vitu vyote vimekaa kwenye kapu moja. Miezi minane ya kujenga, na ninachohitaji kinaingia kapuni!

Weris ameahidi kuilinda. Ufunguo ameukataa, nyumba isiyokuwa na mwenyewe haiibiwi, amesema. Halafu akamtuma Abdille aniambie: mke wako akija usimwonyeshe chochote. Mwache afungue mwenyewe, atoe vyote nje, apange au asipange. "Wewe nashika kamba tu."

Nimempa mkono kwa heshima. Sikukasirika.

Bila bati la lori kunikinga barabara ni nyingine kabisa. Nimekula vumbi la kila gari lililopita. Nimeanguka mara moja kwenye mchanga, polepole, bila aibu kwa sababu walioniona ni twiga wawili.

Kesho nitampigia kabla ya jua. Nimeapa.

Jumapili, 26 Januari. Wajir, saa moja asubuhi.

Nimempigia. Alikuwa tayari ameketi kwenye basi, nasikia wakiita abiria.

Nimesema yote kwa mkupuo mmoja. Siko Garissa. Sijakuwa Garissa tangu siku ya tatu. Niko Wajir na pikipiki, lori limevunjika, liko Bute. Nilikudanganya siku kumi na mbili.

Nyuma yake injini ikanguruma. Halafu: "Basi limeshaanza kutoka, Murithi." Akakata.

Hakusema anashuka.

Naondoka. Kilomita mia tatu na ushee.

Jumapili hiyohiyo. Modogashe, saa kumi na mbili na robo jioni.

Sipiti.

Panchari mbili kabla ya Habaswein, ya tatu baada yake, na ya tatu vipande vimeniishia. Nimejaza tairi nyasi kavu na matambara kama tulivyokuwa tukifanya zamani na baiskeli, nikaja hivyo mwendo wa punda. Saa nne nzima kwa njia ya saa moja. Hapa wamenizibia. Lakini kizuizi kimefungwa saa kumi na mbili kamili, na pikipiki hairuhusiwi kupita giza likikaribia. Nimefika dakika nane baada ya kufungwa! Askari ni mtoto wa watu, mpole, ananiita mzee. Nimemweleza mke wangu yuko Garissa. Amesema, mzee, hata wangu yuko Kitale. Kizuizi kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Na basi la kurudi Thika linatoka Garissa saa mbili asubuhi. Nimehesabu mara tano kwa vidole. Njia hii, tairi hili, nikitoka hapa saa kumi na mbili — siwezi kufika kabla ya saa tatu na nusu. Hata nikiruka.

Wahu alifika saa tisa. Ametuma neno moja: Nimefika.

Nimekaa juu ya turubai na madereva wa malori ya ng'ombe. Wamenipa chai. Nimempigia na mara hii sikutafuta pa kujificha. Niko Modogashe, nimesema. Sifiki leo. Na kesho, kabla ya basi lako, sifiki. Kwa jinsi ninavyojijua ningekuwa nimesema "niko karibu". Nimeusikia mdomo wangu ukitaka kulisema.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nyuma yake nasikia watu wakisalimiana, kiti kikiburutwa. Yuko mapokezi ya gesti.

"Hawa wananiuliza," akasema taratibu, "chumba ni cha mtu mmoja au cha wawili. Na ni cha usiku mmoja au zaidi. Niwaambie nini?"

Najua jibu ninalolitaka. Lakini nikisema wawili, ataliacha basi liende, atakaa pale kesho mchana kutwa akiangalia mlango kwa sababu mimi nimesema. Na tairi lina viraka vitatu. Na mimi nimesema mengi.

Nimeomba dakika mbili. Amesema sawa, kuna watu nyuma yake kwenye foleni, lakini sawa. Simu hakukata. Iko hapa juu ya goti langu, inahesabu sekunde, na ninamsikia akimwambia mtu, "Ngoja kidogo, dada, nangoja mume wangu aseme."