Leo Naenda Kubadilishiwa Damu Peke Yangu

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianue mapema, wingu limeshajikunja. Na mwambie mdogo wangu simu yangu aiache inachaji!

Najua umenuna. Asubuhi nilivyosema naenda hospitali peke yangu, ulikuwa umeshashika mkoba. Ukanijibu, "Haya, mtu mzima," ukajifungia chumbani. Sikukufukuza, mama. Ila kila mara mashine ikianza kunitoa damu yenye seli mundu mkono huu na kuniingizia ya wachangiaji mkono wa pili, wewe unaangua kilio. Basi mimi, na sindano mikono yote miwili, ndiye ninayekubembeleza! Mara ya mwisho nesi aliuliza mgonjwa ni nani.

Tangu nianze mashine hii, yale maumivu ya kunilaza wiki nzima yamepungua. Nilitaka tu ujue kwamba sasa naweza.

~~Usije kabisa.~~ Njoo mchana, nikikaribia kumaliza. Sindano nitazimudu mwenyewe, lakini wakishanichomoa, nataka nikiinua macho nikuone wewe.

Kifungua mimba wako