Mke Aenda Kupasuliwa, Mume Kajificha Ndani ya Koti

Mzee Mapengo, shikamoo. Najua utanicheka, lakini nimechoka kiasi kwamba hata kuchekwa naona ni mapumziko, kwa hiyo nisaidie mwanao na jina langu lisitoke gazetini.

Mimi ni fundi cherehani, nashona suti za wanaume, na tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kunipima mimi, nguo zangu najikatia mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu miguu yangu ni mirefu kuliko kiwiliwili, nyonga pana, mabega membamba, na kifuani, Mzee wangu, nina vimaziwa kama vya msichana anayevunja ungo, ninavyo tangu nikiwa kijana, basi koti langu nalitia bitana mbili na kitambaa kigumu mbele na pedi mabegani, na silivui hata joto liwe la kukaanga mtu, na wateja husema fundi huyu anajua kuvaa. Ndevu zangu zinahesabika, hamu ya chumbani huja kama umeme wa mgawo, na uchovu nalala nao naamka nao.

Sasa mke wangu na mimi hatujapata mtoto, na dada zangu wakija hawamwachi, wanamwambia, "Wifi, hicho kitanda chenu mnakilalia usingizi tu?" naye anacheka, anakwenda jikoni, anafungulia maji tusimsikie. Amemeza vidonge vya kila rangi, amepigwa picha za tumbo mpaka nadhani tumbo lenyewe limezoea kupigwa picha, na kila akirudi mimi namwuliza, "Wamesemaje?" kama vile naulizia mgonjwa wa jirani.

Mwezi uliopita daktari wa hospitali kubwa akamwambia arudi na mumewe. Nikaenda, nikakaa kwenye kiti na koti langu. Daktari akaniambia, "Vua shati." Nikasema, "Mimi nimemsindikiza mke wangu." Akasema, "Kwani mimba mnaitafuta kwa kusindikizana?" Akamtoa mke wangu nje, nikavua, akanitazama kifua, akanipima korodani, akasema ni ndogo na ngumu kuliko kawaida ya mtu mzima, akauliza kama nilichelewa kuongea utotoni na kama kusoma kulinisumbua shuleni, na yote ni kweli, nikashangaa kaambiwa na nani. Akasema anataka mbegu zangu zipimwe, na damu pia, aangalie homoni na kromosomu, huenda nimezaliwa na moja ya ziada. Mzee, nilivaa koti nikatoka, na mke wangu aliponiuliza pale kwenye benchi nikamwambia, "Daktari amesema mimi niko sawa."

Kwa neno langu hilo amekwenda kliniki nyingine, huko wamemwandikia kupasuliwa wazibue mirija ya uzazi, mwisho wa mwezi huu. Jana amepanga kanga zake za hospitali kitandani akasema, "Mume wangu, hii ikishindikana uoe mwingine, mimi nimechoka kulala chali mbele ya watu." Nikaenda kupiga pasi suruali ya mteja ambayo ilikwishapigwa. Na jirani yangu anayefundisha watu kunyanyua vyuma ananiuzia sindano za homoni, anasema zitaniotesha ndevu na kunipa mtoto kwa pamoja. Nichome? Niseme? Nifanyeje?

Fundi wa Koti

*

Fundi wa Koti, marahaba.

Barua yako nimemlazimisha mhariri aipitishe mbele ya foleni, akanuna, na anune huko, mwisho wa mwezi haumsubiri mhariri. Kukucheka nimekucheka kidogo, pale kwenye pasi. Halafu nikafika kwenye zile kanga nikaacha, nami nina umri ambao vitu vya kunikatiza kicheko vimebaki vichache.

Shule mimi niliipitia dirishani, kwa hiyo nilikwenda kumwuliza daktari ninayemjua, akanieleza polepole kama anamfundisha mbuzi kusoma saa. Ni hivi. Kromosomu ni vijikamba ndani ya mwili vinavyobeba maagizo ya kutuumba. Mwanamume kwa kawaida ana X moja na Y moja. Wako wanaozaliwa na X moja zaidi, na si wachache kama unavyodhani, wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua, na wanaojua mara nyingi hugundulika kama wewe, wakitafuta mtoto. Hukuambukizwa, hukurogwa, mama yako hakukosea kitu, na wewe ni mwanamume kama mimi, ila una meno.

Mimi sisemi unayo. Miguu mirefu peke yake ni miguu mirefu. Lakini ukijumlisha kifua, ndevu, korodani, uchovu na hiyo shule, daktari wako hakuwa anabahatisha, na hakuambiwa na mtu. Damu ndiyo itakayomaliza ubishi.

Sindano za huyo mnyanyua vyuma usiguse. Homoni ikimwagwa kutoka nje ovyo, korodani huona kazi imepata mtu, zinafunga duka, na kama kulikuwa na mbegu chache zimejificha humo, nazo zinapotea. Daktari niliyemwuliza anasema baadhi ya wanaume wa namna hii hutolewa mbegu kwa upasuaji mdogo wakapata watoto. Baadhi, nimesema, usianze kuchagua majina. Kama ni hali hiyo, homoni utapewa na daktari kwa mpango wake, baada ya kuzungumza habari ya mtoto, na itakusaidia uchovu, hamu na mifupa. Na hicho kifua kikaguliwe, uvimbe ukitokea usiupe bitana ya tatu.

Sasa nikugombeze. Aibu yako naielewa, nami ningevaa koti. Lakini mke wako anakwenda kukatwa tumbo ili koti lako lisivuliwe. Wewe unayekataa kukata kitambaa cha mteja kabla ya kumpima mara mbili, umekaa kimya wenye visu wamkate mkeo na wewe hujapimwa hata mara moja. Na dada zako hao, siku wakiuliza tena habari ya kitanda, jibu wewe. Asikimbilie maji tena.

Leo ukifunga duka, nenda nyumbani na futi yako. Vua koti, vua shati, mpe mkeo futi akupime kifua, kiuno, mabega, miguu. Simama wima, usivute pumzi, usikunje mgongo. Mikono yake ikiwa bado juu yako mwambie alichosema daktari, chote, na kwamba ulimdanganya pale kwenye benchi. Akilia, mwache alie. Akikupiga na futi, haiumi.

Asubuhi pigeni simu kliniki pamoja, mwahirishe upasuaji mpaka majibu yako yatoke, halafu mrudi kwa yule daktari wa kwanza. Koti uliache nyumbani. Safari hii kitanda cha daktari unakipanda wewe, na yeye ndiye anayekaa kwenye kiti akikusindikiza.