Kwa Mama Ulikuwa Ungali Hai

Idrisa, mdogo wangu,

Leo nimefunga mzigo wa mwisho hapa mtaa wa Sanyuanli. Narudi Tanga, na wewe nakuacha kwenye udongo wa Guangzhou, Uchina. Sina namna nyingine ya kulisema.

Jumamosi nilipita barabara ya Huanshi, kwenye mgahawa ule ulimokuwa ukinisubiri nikitoka kununua nguo za biashara soko la Shisanhang. Laoban, yule mwenye mgahawa, akanyoosha kidole kwenye kiti chako, akiuliza uko wapi. Kichina changu unakijua, ni cha sokoni tu. Nikamjibu "meiyou", hakuna. Neno lile lile tunaloambiwa dukani rangi ya kitambaa ikiisha. Akaniletea chai. Nikalipa, nikaiacha mezani.

Pale ndipo uliponisomesha hiyo historia yako ya falaki, elimu ya nyota uliyokuja kuisomea huku, mdomo umejaa mkate. Watu wa kale, ulisema, waliiona mbingu kama paa, na dunia ndiyo katikati ya kila kitu. Wakaja wengine wakaliweka jua katikati. Halafu jua nalo likashushwa cheo, likawa nyota moja tu kati ya nyota zisizo na idadi. Nikacheka: "Kwa hiyo kila wakijua zaidi, sisi tunazidi kuwa wadogo?"

"Ndiyo, Dada. Lakini ni sisi wadogo tuliojua."

Hukukosa jibu hata siku moja.

Na wakati pia. Zamani ulidhaniwa ni mmoja ulimwengu mzima, kama saa iliyotundikwa juu ya vichwa vya wote. Siku hizi, ulisema, wataalamu wanakubali kwamba hakuna "sasa" moja ya watu wote. Mimi nikaona ni maneno ya chuoni.

Kisha ikaja homa ile, moyo wako ukashindwa. Daktari alitoka asubuhi akatikisa kichwa. Hapa jua lilikuwa limepanda. Tanga bado giza, Mama amelala. Simu ilikuwa mkononi. Sikupiga. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka nikajua ameshasali alfajiri, kwa sababu kule kwake, Idrisa, ulikuwa ungali hai. Ndipo nilipokuelewa. Nilipopiga aliitikia kwa furaha: "Mwanangu, mbona mapema hivi?"

Nikaiua sasa yake kwa mdomo wangu.

Uliwahi kuniambia wapo wanaofikiri yaliyopita hayajapotea, yapo mahali pake, kama mji tuliouacha nyuma. Nimejaribu kujifariji kwa hilo. Mji usio na njia ya kurudi utanifaa nini? Siku ya maziko nilimuuliza mwenzako wa darasani, mwisho wa ulimwengu wataalamu wenu wanauonaje sasa. Akasema wengi wanadhani nyota zitazimika moja moja, ibaki baridi tu. Nikamshukuru. Katika mawazo yenu yote, hilo pekee nimeliamini bila kuuliza mara ya pili.

Nakuombea kila swala. Maneno yanatoka, moyo hauinuki nayo.

Mama anataka kujua ni kitu gani kilichokupeleka mbali hivyo. Nitamweleza, hata nisiyoyaelewa, mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Hiyo ndiyo ahadi ninayoiweza. Kaburi lako sitalifagia tena, wala simjui atakayelifagia.

Buriani, mdogo wangu. Mungu akulaze pema.

Dada yako,
Mwanaidi