Ko-ko-ko ya kona ya kushoto

Siku ya posho (Jumamosi), mangaribi

Si kardani! Bon, niandike tena juu inanifurahisha: si kardani, ile chuma ya kuzungusha magurudumu!

Juma nzima, nikikata kushoto tu, gari inafanya ko-ko-ko. Na mama mukwe wangu, mwenye nilienda kuleta toka Bafwasende, anajibu: "Karibu!" sawa vile mutu iko anabisha ku mulango. Mimi sikucheka. Kwa kwenda mutaa wa Simi-Simi nilitafuta barabara za kukata kuume tu, kama mwenda wazimu.

Tena kulikuwa ile mambo ya mutwangio yake mufupi ya kutwanga pondu, majani ya muhogo. Ilipotea, naye akafikiri nimeitupa juu imezeeka. Siku tatu anagusa chakula yangu na vidole viwili.

Leo Tonton Mbusa, fundi wetu, akanizungusha kushoto, kushoto, mupaka kichwa ikaniuma.

"Mama, kardani iko mbele. Hii inalia nyuma."

Akafungua coffre ya nyuma, akainua pneu de secours, ile gurudumu ya akiba. Halafu akanitolea mutwangio.

Ni mimi mwenyewe niliisukuma pale, siku ya safari, ili isifanye makelele njiani! Mizigo ilipotoka, ikabaki inacheza.

Nyumbani nikapiga mulango na ile mutwangio: ko-ko-ko.

"Karibu!" mama mukwe akajibu.

Nikaingia nayo mukononi. Aliiangalia, akaniangalia, akacheka mupaka akakaa chini.

"Donc mimi niliikaribisha juma nzima," akasema. "Ni wewe ulikuwa unakataa kufungua."