Maji ya Kumnywesha Gody

Nyasura, Bunda
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Dorotea,

Gody ameniuma sasa hivi. Nilikuwa nimekaa mkekani natafuta pa kuanzia barua hii, yeye akaja anayumbayumba na hizo hatua zake mpya, akashika kidole changu kama anataka kukibusu, akakitia meno. Nilipopiga kelele akacheka mpaka akakaa chini. Meno yameshafika manne, mawili juu na mawili chini, meupe kama punje za mahindi mabichi. Basi hiyo ndiyo salamu yake kwa mama yake mkubwa, uipokee.

Na mimi nakusalimu. Hujambo dada? Shemeji Alfonce mgongo umetulia, ameanza kwenda ziwani? Silasi masikio yamepona, anakwendaga shule bila kulia? Sisi huku mwilini hatujambo. Pamba imetoka vizuri, mama mkwe anapambana na magoti yake, na mimi bado ni yule yule mdogo wako wa kuongea sana. Ila moyoni sijambo kidogo tu. Ningekupigia simu, lakini simu ya kwenu mnaipokeaga kwa spika, sijamaliza salamu mji mzima umeshajibu. Haya nataka uyasome mwenyewe. Nampa Masatu muuza dagaa akuletee. Na yeye alikuwepo siku ya mkutano wa kitongoji juu ya maji, nimemwomba kwa Mungu afunge mdomo mpaka uwe umesoma.

Unakijua kisima chetu, kile walichochimba watu wa mradi mwaka ule nilioolewa. Ulikuja ukanywa, ukasema kina kaladha ka magadi. Kabla ya hapo watu wa kitongoji hiki walikuwaga wanachota lambo, pamoja na ng'ombe. Tangu kisima kije, watoto kuhara kumepungua, hata nesi Tabitha anasema. Sasa ugomvi umekuja juu ya kitu kinaitwa floraidi. Ni madini, yanatoka kwenye mawe huko chini, hayana rangi wala harufu. Mtoto akikua anayanywa kwa wingi, meno yake ya ukubwani yanatoka na rangi ya chai, na wengine wanasema hata mifupa inaharibika. Wewe umemwona Mwandu. Utotoni alikunywa pampu ya zamani ya shule, ile iliyokufa kabla sijaja. Ndiyo maana hata picha ya harusi amefunga mdomo kama mtu aliyeficha pipi. Akicheka anaweka mkono. Alipokuja kunichumbia nilidhani ni maringo.

Sasa dada, wataalamu. Yule wa mradi alikuja mkutanoni na karatasi kutoka maabara ya Musoma, akatusomea kwamba maji yako sawa. Mwalimu Clementi, yule wa Butiama anayefundisha sayansi hapa sekondari, naye alikuwa amepeleka maji Mwanza, karatasi yake ikasema floraidi ni mara mbili ya inavyotakiwa. Mtaalamu akasema mwalimu alichukua maji kiangazi, tena kwenye chupa ya soda. Mwalimu akasema na nyie mlichukua masika, kisima kimejaa mvua. Mtaalamu akasema hata hivyo zamani nchi hii ilikuwa inaruhusu mpaka miligramu nne kwa lita. Mwalimu akasema umesema mwenyewe, zamani, siku hizi ni moja na nusu. Nesi Tabitha akasimama akasema watu wasitishane, hayo madini yakiwa kidogo yanalinda meno, yamo mpaka kwenye dawa ya mswaki, na kuna nchi za Wazungu wanayatia kwenye maji kwa makusudi. Hapo Florian mwinjilisti akatoa simu, akatuwekea video ya daktari mmoja wa huko huko anasema yanapunguza akili za watoto. Mwalimu akasema hiyo ni yakiwa mengi. Florian akasema daktari anasema hata kidogo. Nesi akasema huko kwenyewe bado wanabishana, utafiti unaendelea.

Mzee Mniko ndiye aliyetuvunja mbavu. Alisema Wazungu wanaongeza, Mwanza wanasema yamezidi, Musoma wanasema yako sawa, sasa kwa nini asinywe bia yake akajua moja. Mwalimu akataka kutuliza watu, akasema jambo moja la kufanya ni kuacha kutia magadi kwenye maharage, maana nayo yana floraidi. Mama mkwe akamuuliza kama siku hiyo ya maharage mabichi atakuja kututafunia yeye.

Watu walicheka, dada, lakini mimi nilikuwa namwaza Gody. Nilinyoosha mkono. Niliuliza swali moja tu: nikifika nyumbani mwanangu atalilia kikombe, nimpe maji gani? Mtaalamu akasema asante sana mama, ni swali zuri, tumelichukua. Akaandika. Wakaendelea na karatasi zao. Walilichukua kama wanavyochukuaga, na mpaka leo halijarudi. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kusoma hizo namba, ila najua mtu aliyekujibu na mtu ambaye hajakujibu.

Nikamnong'oneza nesi, tulikuwa benchi moja, kwamba angalau mimi ya Gody nayachemsha sana. Unajua tulivyofundishwa kliniki. Nilikuwa nayachemsha mpaka sufuria inabaki nusu, nikiamini kila kibaya kinafia motoni. Mama mkwe alinisifiaga kwa majirani kwamba mkwe wake hana uvivu wa kuni. Nesi akainamisha macho. Akasema, "Rhobi, wadudu wanakufa, madini hayafi. Maji yanaondoka na mvuke, yale yanabaki chini, kama chumvi." Yaani nilivyozidi kumpenda mwanangu ndivyo nilivyozidi kumkolezea. Nilitamani benchi lipasuke niingie.

Baada ya hapo mwenyekiti akasema wananchi waamue wenyewe. Wanaotaka kisima kifungwe kufuli mpaka serikali ije ipime upya, wanyooshe mikono. Kabla mikono haijatulia, Mwandu akasimama. Mume wangu, ambaye hata kanisani hasemagi kitu. Alitoa mkono mdomoni, akawageukia watu, akafunua meno yote, akawazungushia kila upande. Akasema, "Tazameni. Shule nimesoma nimefunga mdomo, harusi nimefunga mdomo. Mwanangu hapana."

Mikono ilipanda hata ya watu waliokuwa hawataki. Na kufunga kisima, dada, maana yake ni kurudi lambo. Watasema tutachemsha, lakini tunajuana. Kuni ziko wapi, na mtoto akiwa machungani anainama anakunywa pembeni ya ndama.

Sasa nakuambia jambo ambalo limenifanya niandike.

Nilisimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe. Nakumbuka tulivyorudi kutoka makaburini kumzika mwanao, baba akasema kuanzia leo usiitwe tena kwa jina la yule mtoto, uitwe Mama Silasi, na jina lile lisitajwe mbele yako wala nyuma yako. Nimelishika neno hilo miaka yote. Siku ile nikalivunja mbele ya kitongoji kizima. Nilisema, "Nina dada yangu Suguti, ni Mama Felisian. Felisian alikuwa na meno meupe kuliko watoto wote wa ukoo wetu. Alikunywa maji ya ziwa, akahara, tukamzika na meno yake meupe. Kifungeni kisima, ila kwanza mniambie kesho asubuhi tunachota wapi."

Mikono ilishuka. Kisima hakikufungwa. Wanawake walinishika mkono njiani kana kwamba nimeshinda kitu. Mimi nilikuwa nalia, maana nilijua nimechukua kaburi la mwanao nikalifanya hoja, nawe hupo kunikataza. Nisamehe dada. Na kama huwezi kusamehe sasa, usinifiche.

Na kuna la pili. Mume wangu alifungua mdomo wake mara moja katika maisha yake, na mimi mke wake ndiye niliyemfunga. Tangu siku hiyo haongei na mimi. Anakula, anaoga, anakwenda shambani. Akitaka kitu anapitia kwa mtoto: Gody, mwambie mama yako chumvi imezidi. Gody mwenyewe anajua neno moja tu, nalo ni maji. Wakati mwingine nakasirika nataka kumwambia kwamba na mimi nayataka hayo meno meupe, siyo yeye peke yake. Halafu namwona anavyomwangalia mtoto akicheka, namwacha.

Ila sijakata tamaa. Nilimfuata nesi, nikamfuata na mwalimu, kila mmoja kwake, nikawauliza swali langu lile lile bila karatasi. Hapo tu ndipo walipokubaliana: watoto wadogo wanywe maji ya mvua, yakingwe vizuri na kuchemshwa kidogo, sisi wakubwa ambao meno yetu yameshaota tuendelee na kisima mpaka wapime tena. Basi mkutano mzima ungeisha kwa dakika moja. Jana nikamwambia Gody, huku Mwandu anasikia, kwamba bati letu lina upande mzuri, likiwekewa mfereji na pipa, masika hii mtoto wetu hatakunywa tena ya kisima. Mwandu alimaliza ugali wake akatoka.

Nisalimie shemeji Alfonce, nibusie Silasi, na mama ukimwona mwambie dawa ya kifua nitaituma na Masatu safari ijayo. Jibu unijibu wewe mwenyewe, hata kwa hasira. Mungu akulinde, awalinde na mnaochota huko ziwani. Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayekuogopa leo,

Rhobi

Dada, sijaifunga bado. Nasikia nyundo juu ya nyumba, Gody ameziba masikio. Ni Mwandu. Ananiita, "Mama Gody, njoo unishikie ngazi," ananiita mimi mwenyewe. Masatu naye ameshafika njia panda na baiskeli yake, kwa hiyo hii itakuja hivi hivi. Ila ujue tu, Felisian hakuwa hoja kwangu, mimi nilimbeba mgongoni ile siku ya mwisho mpaka—