Yaondoe Magunia Bandani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Qurus? Maharage ya ngwara mmeshavuna? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni sina raha hata kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja tu jina la mke wangu Veronika unakata.

Unajua kazi yangu huku pwani ni kutunza kambamiti wazazi, wale wa kutagisha. Chumba chao tunakifunika kwa mapazia meusi, tunaingia na tochi hafifu, maana wakipigwa na mwanga mkali wanashtuka, hawapandani, na majike hawaivishi mayai. Wakikaa kwenye giza-giza, matangi yanajaa vifaranga. Nilipoyaona hayo nikajiona profesa. Ndipo nikakupigia simu uzibe madirisha ya banda la kuku kwa magunia. Uliniuliza, "Sasa kuku watajuaje kumekucha?" Nikakucheka. Nikasema wewe ziba tu Mama, mimi nafanya kazi na wataalamu.

Mayai yakapungua mpaka viota vikabaki vitupu. Kwa kuwa Veronika ndiye aliyekuwa akiyaokota, ukasema anayauza mnadani kwa siri. Alikuapia, hukumsikia. Akanipigia mimi akilia, nami badala ya kumsikiliza nikamfokea, "Mrudishie mama yangu mayai yake!" Akambeba mtoto, akaenda kwao Mbulu.

Juzi tukila mchana nikamsimulia mwenzangu Hamisi, ambaye mkewe anafuga kuku. Akaacha kula.

"Umewazibia mwanga? Acha masihara, bwana! Kambamiti ni kambamiti. Kuku bila mwanga wa kutosha hatagi."

Nimemwita mke wangu mwizi, kumbe mwenye kosa ni mimi na ujuaji wangu. Naona aibu, Mama. Hata usingizi siupati vizuri.

Yaondoe magunia leo hii. Kuku watachukua muda kurudia kutaga, tafadhali usiwachinje. Na kama una hasira, nitukane mimi, nitavumilia.

Nisalimie sana kaka mkubwa na shemeji, shangazi wa kwaya, na yule jirani anayekusaidia kukamua ng'ombe. Mwambie nimeshukuru.

Jana nilimpigia Veronika nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi umeniambia. Mama je, nani atamwambia?" Kwa hiyo barua hii siitumi kwako. Naituma Mbulu, kwake, na nimemwomba aje akusomee mwenyewe. Kama unayasikia maneno haya, basi amekubali, na yuko mbele yako na mjukuu wako mgongoni.

Mama, mwambie akae.

Mwanao mwenye makosa,
Emanueli